Bwaki haiishii mlangoni mwa hospitali

Tulipokuwa watoto huko Kabare, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, tusi lililouma kuliko matusi yote ya nguoni lilikuwa "bwaki". Ulimwita hivyo mwenzako aliyedumaa, mwenye nywele zilizogeuka rangi ya kutu, na mama yake akisikia, ujue jioni kuna ugomvi. Kwani mtoto alikuwa njia tu. Aliyetukanwa ni mama: amezaa upesi, amemwachisha ziwa wa kwanza, nyumba imemshinda.

Neno ni la Kishi, lugha yetu Washi wa Bushi. Waganga wa hospitali husema kwashiorkor, utapiamlo mkali wa watoto; ni neno la Waga wa Ghana ambalo daktari Cicely Williams aliliingiza katika vitabu vya udaktari miaka ya 1930: ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Ghana na Bushi hawajuani, lakini wote walimwona mtoto yuleyule, miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Sasa, Lwiro. Ukitoka Bukavu kuelekea Katana utaikuta taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji, na hospitali ambayo kwa miaka mingi imetibu watoto wa bwaki. Watafiti walifungua faili za waliotibiwa kati ya 1988 na 2007, wakaingia vijijini kuwatafuta. Fikiria kilichopita hapo katikati: wakimbizi wa Rwanda wa 1994, vita ya 1996, nyingine 1998. Hata hivyo waliwapata zaidi ya 500, watu wazima, wengine wana watoto wao, wakawalinganisha na majirani wao ambao hawakuugua. Matokeo yalianza kuchapishwa 2020. Waliougua walikuwa wamesoma kidogo kuliko wenzao, na katika majaribio ya akili walipata alama za chini. Hata dalili za maradhi ya sukari na moyo ziliwaelemea zaidi.

Mimi hapo nakwama kwenye neno "amepona". Kwenye kituo cha afya mtoto anafungwa utepe wa kupima unene wa mkono. Chini ya milimita 115 ni nyekundu. Ukifika 125 ni kijani, anaruhusiwa, na mama anapewa somo la kumsindikiza: mpe yai, mpe sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mpikie uji wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya. Jirani yangu alirudi na somo hilo akacheka. "Yai nalijua," akaniambia. "Kuku ni wangu." Mayai yake huenda soko la Kadutu na kurudi yakiwa minervali, karo ya shule, ya mkubwa. Hata sambaza, waliopandikizwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, anawabeba kichwani kila asubuhi kuwauza, na jioni nyumbani kwake wanakula bugali na sombe, majani ya muhogo. Tena sombe isiyo na mafuta.

Kwa hiyo sioni haja ya utafiti mwingine wa kupima kama akina mama "wanaelewa". Wanaelewa. Fedha hizo zingemfuata mtoto aliyeruhusiwa: apimwe tena mwaka unaofuata, mwalimu wa darasa la kwanza aambiwe kwamba huyu atahitaji kurudiwa somo, na akifika miaka 30 mtu ampime shinikizo la damu.

Najua mtakachoniuliza. Ukimpelekea mwalimu karatasi ya kumwambia hivyo, si umeirudisha bwaki darasani, na tusi lake? Naliogopa hilo, nami nimewaona walimu wa kucheka na wanafunzi. Pengine karatasi ibaki mikononi mwa mama mwenyewe, aamue yeye. Lakini iwepo.

Yule tuliyekuwa tukimwita bwaki ana meza ya chumvi na viberiti leo, pale Kadutu. Nikinunua, hesabu ya chenji humchukua muda; ananitazama, nami natazama viberiti. Alitibiwa kituo kidogo kilichochomwa vitani. Hakuna mtafiti atakayemtafuta, faili yake iliungua na kabati.