Maji ya mvua shambani: tuyafukuze au tuyazuie?

Mvua kubwa ikikatika, chukua chupa angavu, kinga maji yanayotoka shambani kwenye mtaro, uiweke mahali penye mwanga. Mchanga utatuama kabla hujamaliza kunawa mikono. Tope laini litachukua saa kadhaa. Kesho yake asubuhi utakuta maji ya juu bado yana ukungu wa kahawia, na ukungu huo ndio wa kuulilia. Ni chembe za mfinyanzi na mboji, zinazoshika virutubisho vya mmea. Kwa kuwa ni nyepesi, huondoka mapema na kufika mbali kuliko zote. Shambani unaachiwa mchanga na kokoto.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Mvua ya milimita 30 juu ya hekta moja ni lita 300,000 za maji. Na tabaka la udongo la milimita moja tu, ambalo jicho haliwezi kugundua kuwa limeondoka, ni kama tani 13 kwa hekta. Ndiyo maana mkulima huona korongo likishachimbika, lakini haoni miaka kumi ya kuchunwa ngozi kidogo kidogo iliyotangulia.

Hapo ndipo wanapogawanyika watu. Kuna wanaosema maji yazuiwe palepale yanapodondokea, na wanaosema yapewe njia yaende zake.

Wa kwanza wana hoja nzito. Uharibifu hauanzi na mkondo, unaanza na tone. Tone la mvua likipiga udongo ulio wazi huvunja mabonge madogo, vumbi lake huziba vitundu vya udongo, na juu hujitengeneza gamba gumu. Kuanzia hapo hata mvua ya wastani haizami. Maji hutandaa, hutafuta vijifereji, vijifereji vinakutana, na huko chini mto unapandisha maji ghafla kisha unakauka mapema, kwa sababu kile ambacho kingelisha chemchemi wakati wa kiangazi kimepita juu juu. Matandazo, mimea funika, mistari ya nyasi na matuta ya kontua, yaani yanayokatiza mteremko kwa usawa mmoja, hukata mnyororo huo, kila kimoja mahali pake.

Lakini wa pili nao si wajinga. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, maji yakizuiwa hutuama na mizizi hukosa hewa. Kwenye mteremko mkali wenye udongo usio na kina, maji yanayozama huongeza uzito na kulainisha ardhi mpaka kipande cha mlima kinaporomoka. Na tuta lililopimwa kwa macho ni hatari kuliko kutokuwa na tuta kabisa: hukusanya maji, hupasukia penye udhaifu, na yale yaliyokuwa yametawanyika yanashuka kwa pamoja. Nimeona korongo lililozaliwa hivyo, kwa kazi ya mikono ya mtu aliyekuwa akilinda shamba lake.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa kuzuia hulipita haraka. Udongo unaopotea juu hufika kwa mtu huko chini. Kilimo cha bonde la Nile kiliishi maelfu ya miaka kwa tope la mafuriko lililotoka nyanda za juu za Ethiopia. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope likabaki nyuma ya ukuta. Misri ikapata umeme na maji ya mwaka mzima, ikazidi kutegemea mbolea za viwandani, na bahari ikaanza kula fukwe za delta isiyopata tena mashapo mapya.

Mfano unaonisumbua zaidi, hata hivyo, ni wa Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada. Wakulima wengi wa pale waliacha kupindua udongo ili kuzuia mmomonyoko, na tope likapungua kweli. Ila mbolea ikawa inabaki juu juu bila kuchanganywa na udongo, na kuanzia miaka ya 1990 fosforasi, kirutubisho cha mbolea kinachokuza pia mwani, ikaongezeka ikiwa imeyeyuka kwenye maji katika mito inayoingia ziwani. Watafiti hawalaumu kilimo hicho peke yake. Wanataja pia mabomba ya kukausha mashamba yaliyofukiwa ardhini. Lakini matokeo yalionekana: mwani ulichanua, na Agosti 2014 wakazi wa Toledo, jiji la Marekani linalokunywa maji ya ziwa hilo, wakaambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu yake. Maji yale hayakuwa na tope la kumshtua mtu. Chupa yetu isingeonyesha kitu.

Mimi nimeegemea upande wa kuzuia, ila kwa mpangilio. Kwanza funika udongo, maana kufunika hakuna hatari ya kupasuka. Mbolea ifukiwe, tena isiwekwe siku ambayo wingu limeshatanda. Matuta yaje baadaye, yapimwe kwa kipimo, na kila tuta liwe na mahali pa kumwagia maji yaliyozidi, penye nyasi zilizoshika vizuri. Ukichimba bila kufikiria mahali hapo, umemchimbia jirani.

Na suala la jirani ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu anayetoa jasho juu sio anayenufaika chini. Mwaka 1997 jiji la New York lilikubaliana na jamii za milima ya Catskill, yanakotoka maji yake, kugharamia hatua za kulinda vyanzo vya maji, yakiwemo marekebisho mashambani, badala ya kujenga mtambo wa kuchuja ambao ungemeza mabilioni ya dola. Jiji lilikuwa na fedha na sababu ya kuzitoa. Wakulima wawili wasio na jiji nyuma yao hubaki mpakani asubuhi baada ya mvua, mmoja akionyesha mtaro wake ulivyonyooka, mwenzake akionyesha mahali unapoishia.