Presha Ipimwe Mikono Yote Miwili

Mwezi wa saba hapa Mbeya, mkono ukifa ganzi kila mtu ana jibu: baridi. Msusi wa Mwanjelwa akilalamika kwamba mikono inamchoka kabla hajamaliza kichwa kimoja, ataambiwa avae sweta. Akisema kifua kinambana akipanda mlima, hayo ni madonda ya tumbo. Ana miaka 24, mwembamba, havuti sigara. Nani atawaza moyo?

Mimi nasema tuwaze. Kuna ugonjwa wa Takayasu, ulioitwa hivyo kwa jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Huwapata zaidi wanawake wasiozidi miaka 40. Kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia kuta za aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, na matawi yake. Kuta zinavimba, zinanenepa, njia ya damu inabana. Sasa, mishipa inayolisha moyo huchipuka pale pale aota inapoanzia, kwa hiyo midomo yake nayo inaweza kubanwa. Ndivyo binti asiye na kitambi wala lehemu nyingi (mafuta kwenye damu) anavyoweza kupata shambulio la moyo.

Mwanzoni ni homa, uchovu, viungo kuuma, kupungua uzito. Kupima TB kwanza ni sawa kabisa. Kinachoniudhi ni majibu kutoka safi, halafu mgonjwa akarudishwa nyumbani na panadol.

Ombi langu ni dogo: kijana wa namna hiyo apimwe presha mikono yote miwili, na mapigo yaguswe kwenye viwiko na vifundo vya mikono, pande zote. Namba ya juu ikipishana kwa zaidi ya 10, kipimo kirudiwe. Ikibaki hivyo, au mapigo ya upande mmoja yasipatikane, aandikiwe rufaa. Najua foleni za zahanati zetu, muuguzi mmoja na benchi limejaa. Lakini mkono wenye mshipa uliobanwa hudanganya: mashine itasoma presha ya kawaida, kumbe upande wa pili iko juu mno.

Kuthibitisha kunataka picha za mishipa. Dawa kama prednisoloni hutuliza uvimbe, ila mshipa ulioshika makovu haufunguki kwa vidonge; huenda ukahitaji upasuaji, na hapo unazungumzia safari ya Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kilomita zaidi ya 800 kwa basi. Kuufunga ule mkanda mkono wa pili, hata Chunya na Kyela wanaweza kuanza kesho asubuhi.