Mkazo wa Kiingereza mlimani: tujifunze upi?

Chukulia mgeni aliyechoka anayepanda Kilimanjaro, juu ya kambi ya Barafu, anauliza zimebaki dakika ngapi. Kijana wetu wa Moshi anayemwongoza anamjibu kwa neno moja: "Fifteen." Mgeni anasikia hamsini, anakaa kwenye jiwe.

N ya mwisho aliitamka vizuri. Kilichokosekana ni mkazo. Sikio la Mwingereza hutenganisha 15 na 50 kwa kufuata pigo limeangukia wapi: fifTEEN, FIFty. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi yote mawili tunayapiga mwanzoni. Maneno tuliyoazima yanasimulia habari hiyohiyo. "Office", "ticket" na "hospital" kwao hukazwa mwanzoni; kwetu ni oFIsi, tiKEti, hospiTAli, na tukiyarudisha kwenye Kiingereza mara nyingi tunayarudisha na mkazo wetu. Wala mkazo wenye kubadili maana si jambo geni kwetu: ukiwa Arusha, baraBAra ya Sokoine ni kitu kimoja, na mtu anayekujibu "baRAbara!" kasema kingine kabisa.

Kwa hiyo nasimama na wanaotaka waongoza watalii wafundishwe mkazo wa maneno kwa bidii. Ninapoachana nao ni pale wanapodai na mdundo mzima, ule wa kuikaza silabi moja na kuzimeza tatu zinazofuata. Mwaka 1945 mwanaisimu Mmarekani Kenneth Pike alieleza kwamba kuna lugha zinazokwenda kwa mapigo ya mkazo, kama Kiingereza, na nyingine zinazokwenda silabi kwa silabi. Walimu waliligeuza wazo hilo kuwa sheria, ingawa mwanafonetiki Peter Roach alipopima mwaka 1982 hakukuta mapigo ya Kiingereza yakiachana kwa muda sawa. Mwaka 2000 mwanaisimu Jennifer Jenkins akapendekeza kwamba wanaotumia Kiingereza na wageni wenzao wa lugha hiyo hawahitaji kumeza silabi. Wanachohitaji ni kulikaza neno lenye uzito katika sentensi.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu, na darasani halipewi muda wa kutosha. Sisi tuna "ndi-". Tunasema "begi jekundu ndilo la kubeba", na kazi imekwisha. Mwingereza hana "ndilo". Hupandisha sauti tu kwenye "RED". Kijana akiyasema maneno yote kwa uzito mmoja, mgeni hajui anakatazwa begi jeusi au anaelezwa rangi.

Kuhusu kumeza silabi, tazama wanaopanda Kilimanjaro: Wajerumani, Wafaransa, Wahispania. Wengi wao huzielewa silabi zilizotamkwa zikiwa nzima kuliko zilizomezwa. Hata katika vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki hapo Arusha, Mtanzania na Mganda huelewana bila kumeza chochote.

Ila kuna neno moja linalonifanya nisite. Wazungumzaji wa Kiingereza, hasa Wamarekani, huidhoofisha "can" mpaka inakaribia kupotea, na "can't" huikaza. Sisi tukiikaza "can" kwa moyo wote, Mmarekani anaweza kusikia kinyume chake. Pale Stella Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, kwenye mita 5,756, mtu ambaye mwili bado unamruhusu anaambiwa "you CAN go" na anageuka kushuka. Hapo simwambii kijana aimeze "can". Namwambia aiache, aseme "Yes, go up," huku akionyesha kilele kwa mkono.