Baba kulea mtoto si limbwata

Katika makala yake kuhusu malezi, mwandishi kaeleza vizuri jinsi akina baba wa Temeke, Dar es Salaam, wanavyolea watoto bila malipo wala shukrani, ila suala la sheria kalipita juujuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Baba? Siku zisizopungua 3. Mama aliyefanyiwa upasuaji hajaweza hata kuinama, mwenzake ameshaitwa kazini! Na hao ni walioajiriwa. Bodaboda na machinga hata hizo hawana.

Hapa kwetu Tandika nina jirani ambaye mkewe hutoka alfajiri kufuata samaki soko la Feri. Huyo mume ndiye anayekoroga uji wa lishe, anaupooza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, kisha anambeba mtoto mgongoni kwa kanga huku akifua nepi. Watu wanasema kalishwa limbwata. Inaniuma sana, maana maneno hayo ndiyo yanayowafanya vijana wengine wamwache mtoto alie mpaka mama yake arudi. Na jirani yangu akimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, swali la kwanza ni "mama yake yuko wapi?"

Wabunge wetu wa Dar, hizo siku 3 zipelekeni bungeni zijadiliwe.