Kipaza sauti kifike viti vya nyuma

Mialiko ya vyama vya marafiki wa maktaba za vyuo vikuu hufanana. Jioni ya katikati ya juma, mwandishi mmoja au mtafiti wa historia ya eneo, saa nzima ya mhadhara, dakika kumi za maswali, kisha vitabu vinauzwa mlangoni. Nazipenda jioni hizi na sikosi nikipata nafasi. Ila zile dakika kumi ndizo zinazonikera, maana kwangu mimi shughuli yenyewe iko hapo, na ndipo tunapobania muda.

Jioni moja mtafiti alionyesha ukutani picha ya zamani ambayo kwenye katalogi iliandikwa tu kuwa ni kundi la wafanyakazi, mahali hapajulikani. Mama mmoja mtu mzima akanyanyuka kutoka kiti cha nyuma kabisa. Akasema mahali panajulikana vizuri sana: ni nyuma ya kituo cha reli cha zamani, ukuta ule ulibomolewa barabara ilipopanuliwa, na huyo aliyeshika kofia mkononi ni baba yake mdogo. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwongozaji akamshukuru, akatazama saa, akaomba swali la mwisho. Sikuona mtu aliyeandika hata neno. Picha ikarudi kwenye boksi lake, mahali pake pakiwa bado hapajulikani.

Ajabu ni kwamba vyuo vikuu vyenyewe ndivyo vilivyotufundisha thamani ya kusikiliza. Mwaka 1948 mwanahistoria Allan Nevins alianzisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kazi ya kurekodi masimulizi ya watu na kuyahifadhi kama nyaraka, kwa hofu kwamba mambo yaliyokuwa yakiandikwa kwenye barua sasa yalikuwa yakisemwa kwenye simu na kupotea. Enzi hizo kurekodi kulihitaji mitambo. Leo simu ya mfukoni inatosha, pamoja na fomu fupi ya idhini na mkutubi mmoja ambaye kazi yake jioni hiyo ni kuwafuata wasemaji baada ya mhadhara: ni nani huyu, mwaka gani, umejuaje, nani mwingine anakumbuka?

Najua jibu la wakutubi: kumbukumbu za watu hukosea. Kweli hukosea, tena sana, na wajomba wawili wanaweza kugombana mbele yako juu ya ukuta mmoja. Basi iandikwe hivyo hivyo, kwamba fulani alisema hivi tarehe fulani, na mwenzake akakataa. Katalogi haipungukiwi heshima kwa kubeba kauli mbili. Inapungukiwa kwa kuandika "hapajulikani" wakati anayepajua ameshasema mbele ya ukumbi mzima.

Jioni za fasihi nazo zina tatizo lake. Mwandishi akisoma kurasa tatu za kitabu chake kipya ni vizuri, lakini hilo linaweza kufanyika popote. Kisichopatikana kwingine ni karatasi za maktaba ile: mswada wenye mistari iliyokatwa, barua ya mhariri, nakala iliyochakazwa na wasomaji. Bodleian, maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, ina nakala ya toleo la 1623 la tamthilia za Shakespeare ambayo iliwahi kuiponyoka; inaaminika iliuzwa kama kitabu cha ziada baada ya toleo la 1664 kufika. Mwaka 1905 mwanafunzi akaileta kutoka nyumbani kwao kuomba ushauri wa kuijalidi upya, na wakutubi wakaitambua. Mnunuzi wa Marekani alikuwa tayari kutoa pauni 3,000. Maktaba haikuwa na fedha hizo, ikaomba michango, na mwaka 1906 kitabu kikarudi. Mimi kinachonivutia zaidi ni hali ya kurasa zake. Zilizochakaa kupita zote ziko kwenye Romeo and Juliet, pale wapendanao wanapozungumza mmoja akiwa juu na mwenzake chini. Vijana wa karne ya 17 walijua walichokuwa wakitafuta! Weka ukurasa kama huo mezani, hata picha yake tu, uone kama kuna atakayesinzia.

Marafiki rasmi wa Bodleian waliundwa baadaye, mwaka 1925. Vyama vingi vya aina hii hukusanya ada na kununulia maktaba vitu, na hilo siligombi. Lakini maktaba huhitaji watu pia, si pochi zao tu. Moto ulipoteketeza ukumbi wa kusomea wa Jagger, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, tarehe 18 Aprili 2021, maji yaliingia kwenye stoo za chini, na watu wa kujitolea walijipanga mistari wakipokezana makreti ya nyaraka kuyatoa nje. Siku kama hiyo haisubiri uanze kutafuta marafiki.

Kwa hiyo kamati zinazopanga ratiba ya mwaka ujao ningeziomba jioni moja tu isiyo na mzungumzaji. Fungueni geti kwa wasio wanafunzi, bila kiingilio. Toeni maboksi ya picha zisizo na majina, nakala zake zitandazwe mezani pamoja na penseli. Wazee wapewe viti vya mbele na taa nzuri, na mwenyekiti wa chama, kama lazima aseme neno, aseme wakati watu wanavaa makoti.