Mjomba, CD Imeungua Tena

Nyie mnaorushiana nyimbo kwa simu huku mmelala chali, mshukuruni Mungu. Mimi nina mjomba Kitere, kijijini huku kwetu Mtwara. Na kwetu Wamakonde mjomba akishasema, hata baba aliyekuzaa anatazama chini, sembuse wewe na kompyuta yako ya mtumba.

Watoto walitoka jandoni Desemba, nikarekodi ngoma kwa simu, kuanzia isha mpaka alfajiri. Nikamwambia mjomba nitamtilia kwenye flashi. Akasema redio yake haina tundu la flashi, ina mdomo wa CD. "Nichomee CD, mpwa wangu, uziandike humo. Si unayo kompyuta?" Ninayo, ndiyo. Ipo sebuleni kwangu Chikongola, Mtwara mjini, imefunikwa kitambaa kama bi harusi, na kuiwasha ni shughuli kama kumtoa bi harusi ndani.

CD ya muziki inabeba dakika 80. Ngoma ilikwenda usiku kucha. Nikapiga simu kuuliza nikate wapi. "Usikate kitu." Haya. Nikazibana zote kwa MP3, zikaenea kwenye zile MB 700 na nafasi ikabaki, nikajiona mhandisi. Kumbe redio ya mjomba haijui MP3 ni mdudu gani. CD ikazunguka weee, kimya, kama feni ya msikitini.

Ya pili nikaamua kukata, liwalo na liwe. Kompyuta ikauliza nichome kwa mwendo gani. Nikabonyeza 52, ule wa mwisho, maana mimi siyo mtu wa kupoteza muda. Imefika asilimia sitini, umeme huo! Gesi inatoka hapahapa Mnazi Bay, mitambo inanguruma tunaisikia, halafu mimi nakosa umeme wa dakika tano.

Na hapo ndipo nilipojua hili neno kuchoma siyo la mzaha. Korosho ikiungua unamenya, unakula upande uliopona. CD ikiungua hata mbuzi haitaki. Hizi za CD-R ni jando lenyewe: ule mwanga wa leza ukishaipitia ile rangi ya ndani, imepita, hakuna kurudi ulivyokuwa. Ya tatu mwanangu Zuhura alifungua gemu katikati ya kazi, kompyuta ikachelewa kuipelekea leza chakula, ikaharibika. Sikumchapa. Nilikwenda uani nikaongea na mpapai.

Kijana wa steshenari akanionea huruma. "Braza, chukua RW. Hii inafutika. Unaandika, unafuta, mara 1,000." Bei mara tatu, nikalipa. Nikapiga hesabu: mara 1,000 ni mpaka vitukuu vya mjomba watoke jandoni.

Nikaandika, nikakosea mpangilio, nikafuta. Kuna kufuta kwa haraka na kufuta kabisa. Nikachagua kwa haraka, sekunde chache, tupu! Baadaye nikaja kuelewa kwamba ile haifuti ngoma, inafuta orodha ya mwanzo tu. Ngoma zimo humohumo, kama mpangaji mwenye madeni aliyebandua namba mlangoni akasema kahama. Mimi nikataka usafi. Nikafuta kabisa, dakika ishirini na zaidi, nimesimama na tochi mkononi naisindikiza kwa dua, mke wangu ananitazama. "Baba Zuhura, hiyo CD unaifuta au unaisomea hitima?"

Ikaandikika. Ikaimba nyumbani, majirani wakachungulia. Nikapanda bodaboda mpaka Kitere, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mjomba akaitia mdomoni mwa redio. Redio ikainusa, ikaizungusha mara mbili, ikaikataa.

"Nyumbani iliimba, mjomba!"

"Nyumbani kwako."

Kisa, hizi RW ni nyeusinyeusi, hazirudishi mwanga kama wenzake. Redio ya zamani imezoea CD inayometa, kuipa RW ni kumsomesha mzee msahafu wa herufi ndogo saa ya magharibi. Yule kijana wa steshenari hakunambia hilo. Aliniambia 1,000.

Nikarudi kwenye CD-R. Safari hii mwendo wa pole, 8. Zuhura nikampeleka kwa bibi yake. Nikazuia watu kupita sebuleni, hata paka. Ikatoka nzima! Mjomba akaisikiliza dakika zote 80, ameinamisha kichwa, hasemi neno. Ikaisha.

"Na mimi je?"

Mjomba aliimba alfajiri. Mimi nilikatia saa nne usiku.

"Basi niongeze hapohapo."

Nikamweleza kwamba imejaa, halafu nimeshaifunga, CD ikishafungwa haipokei tena kitu. Akaitoa, akaigeuza juani, ikammulika usoni. Akauliza zile zilizoungua ziko wapi. Nikadhani anataka ushahidi. Kumbe mpunga umeanza kutoa masuke na watoto wamechoka kuamia ndege.

Nikampelekea zote, na ile RW juu yake. Amezifunga kwenye kamba, upepo ukipiga shamba zima linameremeta. Jana kanipigia kunishukuru. Ndege hawasogei. "Ila ile moja nyeusi njoo uichukue, mpwa wangu. Wanaikalia."