Firigisi ya Charizard

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya WhatsApp inayosema nililia mezani kwa sababu ya kadi ya Pokémon, nisikilizeni mimi mwenyewe. Jamaa yangu wa Kondele ametia chumvi. Sikulia. Yale machozi yalikuwa ya pilipili.

Kadi niliipata soko la Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili, ndani ya mfuko wa jaketi ya mtoto nikichagua mitumba. Charizard, lile joka la moto! Namba 4/102, HP (nguvu za uhai) 120, na kile kimuhuri cha toleo la kwanza chini ya picha, upande wa kushoto. Kwa wasiojua: michezo ya Pokémon, ya kukamata viumbe na kuwapiganisha, ilianzia Japani mwaka 1996 kwenye Game Boy, kadi zikafuata mwaka huo huo, za Kiingereza zikatoka 1999. Machi 2022, Charizard moja ya toleo hilo la kwanza, safi isiyo na doa, iliuzwa Marekani kwa dola 420,000. Pigeni hesabu. Mimi nilipiga nikiwa kwenye matatu, nikapitishwa steji yangu.

Habari zilifika Kakamega kabla yangu. (Asante, jamaa wa Kondele.) Nilikuta mjomba ameshachagua rangi ya lango. Binamu alitaka nduthi (pikipiki), tena mpya. Shangazi alikuwa amechinja jogoo, na kwetu mnajua firigisi haiendi kwa mtu hivi hivi. Mjomba aliitoa kwenye bakuli lake kwa vidole viwili, akaiweka juu ya ugali wangu, akasema, "Mheshimiwa, karibu."

Nikaitia mdomoni.

Hapo ndipo mtoto wa binamu akasogea mezani. Yuko Gredi ya Tano, kadi hizi anazicheza kwenye simu ya mamake. Akaitoa Charizard kwenye nailoni ya mkate, akaigeuza nyuma, akakunja uso.

"Anko, mbona hii Pokémon haina kale kamstari juu ya e?"

Nikamjibu huku natafuna kwamba kamefutika, kadi ni ya zamani. Watu wazima wakacheka, wakamwambia aache kusumbua mgeni. Mtoto hakubishana. (Mtoto asiyebishana muogopeni.) Akachukua simu, akawasha tochi.

"Ya kweli ina karatasi nyeusi katikati, Anko. Mwanga haupiti."

Akaibandika kadi juu ya tochi.

Mwanga ulipita. Tena haukupita kwa kubahatisha: Charizard aliwaka tumbo zima kama koroboi, maandishi ya nyuma yakasomeka mbele, na kidole cha mtoto kikaonekana, pamoja na kucha, pamoja na uchafu wa kucha. Sebule ikanyamaza. Kitu pekee kilichosikika ni taya langu. Firigisi haina haraka, mnaijua. Kumeza siwezi, kutema ni matusi. Nikainua macho, nikakuta mjomba ananitazama. Hakunitazama usoni. Alinitazama mdomoni. Alikuwa anafuatilia firigisi yake.

Nikatafuna. Akafuatilia. Nikatafuna tena.

Nikameza, na mjomba akameza pia, mate.

Mengine hayana maana. Binamu amenitoa kwenye grupu la familia, lango ni lile lile la mabati, na nauli ya kurudi Kisumu nilijitafutia. Ila jina ndilo limebaki, na ndilo mnaloniandikia huko chini tangu asubuhi: Magikarp. Mtoto ndiye aliyenibatiza. Alieleza mbele ya wote kwamba ni samaki wa Pokémon ambaye kazi yake ni kurukaruka tu, bila kumuumiza mtu. Mimi, mkazi wa Kisumu, naitwa samaki asiye na faida!

Shangazi, Mungu ambariki, akajaribu kunitetea. Akauliza kama huyo samaki hakui akawa kitu. Mtoto akasema hukua: akifika kiwango cha 20 anageuka Gyarados, joka la majini la kutisha.

Mjomba akauliza mimi nimefika kiwango cha ngapi.